Mbuzi wa Tatu

Katika mji wetu wa Isiolo swali la kwanza si jina lako. Utaulizwa wewe ni wa nani. Wanaouliza hawana ubaya, wengi wao. Wanataka tu kujua wakuweke wapi, wakuamkie salaam aleikum au habari, wakuhesabu na hawa au na wale. Mimi nimelijibu swali hilo tangu utotoni bila kigugumizi. Babu wa baba yangu aliletwa hapa na jeshi la mkoloni, akabaki, akazaa wenye maduka na wenye malori, na mimi ni wa hao. Sijawahi kulala njaa kwa kukosa jibu. Lakini nimewaona waliolala njaa kwa sababu hiyo, na mmoja wao ndiye aliyenifanya nigombane na karibu mji mzima.

Mimi ni mratibu wa muungano wa vikundi vinavyowahudumia watu wasio na makao. Neno mratibu lisikutishe. Maana yake ni kwamba nina simu mbili, zote zinalia, na kila anayepiga ana malalamiko. Ndani ya muungano kuna kamati ya msikiti, kuna kanisa la wakulima waliotoka upande wa milimani, kuna akina mama wa sokoni, na kuna wenzetu wa Marsabit na Maralal ambao huja mara kwa mara kuangalia tunavyokosea. Tunaowahudumia ni wa kila namna. Wako wafugaji wa Biliqo waliomalizwa na ukame wakabaki na fimbo mkononi. Wako wazee waliosahauliwa na watoto wao. Wako akina mama waliokimbia ugomvi wa maji na malisho kule Kipsing, wakaja kulala kwenye veranda za maduka yetu.

Zamani kila kikundi kilikuwa na sufuria yake. Msikiti ulipika Ijumaa, kanisa likapika Jumapili, na kila sufuria ilikuwa na watu wake. Tulijisifu kwa mpango huo. Tuliuita ushirikiano, kwa sababu hatukupigana.

Kisha nikamwona yule mwanamke. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa nimesimama karibu na foleni nikijifanya nasimamia kazi. Alikuja na binti zake wawili, mkubwa wa umri wa kuanza shule na mdogo wa kubebwa mgongoni anapochoka. Mama yake alikuwa Mborana, baba yake Mturkana. Mumewe alikufa, na ugomvi ulipolipuka kwao kila upande ulimwona ni wa upande wa pili. Mzee aliyekuwa akisimamia foleni, mwanakamati wetu mwenye sauti ya kipaza sauti, alimtazama shanga za shingoni akamwambia, "Mama, wewe enda kwa wale ya Jumapili." Akaenda. Jumapili nilipita kanisani kwa rafiki yangu, nikamkuta hapo langoni amejitanda leso kichwani, mtu wa zamu akimwambia kwa upole, "Mama, si wewe ni wa Ijumaa?"

Nilitukana watu siku ile, wa msikiti na wa kanisa, bila ubaguzi wowote. Yule mwanamke alirudi kwenye veranda ya duka la dawa za mifugo alikokuwa akilala, akawalaza watoto mchana ili wasahau tumbo.

Hapo ndipo nilipoanza kelele yangu ya sufuria moja na nyumba moja. Nyumba ilikuwepo: ghala la familia yetu, ambamo marehemu baba alikuwa akihifadhi mizigo kabla malori hayajapungua. Lina bati zima, lina tangi la maji, lina uga wenye ukuta. Ufunguo ulikuwa kwa kaka yangu. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema mara moja tu. Alinipa ufunguo akaniambia, "Abaayo, mimi sina shida na watu wako. Lakini siku ugomvi wa kabila ama wa dini utaanza ndani ya ukuta wa baba, hiyo siku nataka ufunguo wangu." Abaayo ni dada kwa Kisomali, akiniita hivyo najua hatanii.

Wenzetu wa Marsabit na Maralal walitikisa vichwa. Walisema kuwachanganya watu ni kutafuta vita, na kwamba kwao wamejaribu wakaponea chupuchupu. Baada ya majadiliano marefu tulikubaliana hivi: tutapika sufuria moja siku moja, watu wote wakila pamoja ndani ya uga wa ghala, na wenzetu hao waje washuhudie. Siku ile ikipita salama, usiku huohuo ghala linafunguliwa walale watu, na wa kwanza kuingia ni yule mwanamke na binti zake. Ikiharibika, kila kikundi kirudi kwa sufuria yake na ghala lifungwe. Nilimweleza yule mwanamke haya yote. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, na veranda ile huingiza maji. Aliniuliza swali moja tu: "Na kama itaharibika, mimi nitarudi kwa sufuria gani?"

Swali hilo lilinifanya niongeze bidii. Tulielewana kwamba nyama yote itachinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Watu wa kanisa hawakuwa na neno. Nami nikaweka sheria yangu moja, nikaitangaza nikiwa nimesimama juu ya tairi kuukuu la lori: ndani ya geti hili hakuna kumuuliza mtu yeye ni wa nani. Si kabila, si dini, si ukoo. Atakayeuliza nitamtoa nje mimi mwenyewe. Watu walicheka, lakini wananijua.

Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Ni Mmeru, tumesoma darasa moja tangu tukiwa na mapengo, na ni mwanamke anayeweza kupikia harusi nzima bila kupandisha sauti. Mumewe hulima miraa, na mimi humtania rafiki yangu kwamba akijikata atatoa damu ya kijani. Yeye huniita kipaza sauti cha msikiti. Tumezoeana hivyo.

Siku ilipofika, mbuzi wawili walichinjiwa palepale ugani na mtu wa msikiti, mbele ya macho yetu. Wa tatu alikuwa mchango wa wakulima wa kanisa, na alikuwa nyumbani kwa rafiki yangu huko mwisho wa mji. Huyo alichelewa. Wenye bodaboda walikataa kumbeba akiwa hai, eti alikuwa na fujo. Rafiki yangu akafika jua limeshapanda, nyama imo ndani ya beseni, ametota jasho.

"Amechinja nani?" nilimuuliza huku nikiongea na simu.

"Mwislamu, wewe usijali. Mtu wa maana kabisa."

Nyama ikaingia sufuriani pamoja na ile nyingine. Tulikuwa tunapika pilau, na pilau likishachanganyika limechanganyika. Harufu ilipoanza kuruka ukuta, watu waliokuwa wamekaa mbalimbali kwa makundi walianza kusogea. Wazee wa Biliqo walikaa karibu na akina mama wa Kiturkana bila mtu kuwalazimisha. Wajumbe kutoka Maralal walikuwa wameketi kwenye benchi kivulini, wametulia. Yule mwanamke alikuwa amewaosha watoto uso kwenye tangi. Mdogo alilia njaa mpaka rafiki yangu akashindwa kuvumilia, akamchotea sahani ya juujuu kabla ya wengine. Alikula akiwa amekaa miguuni pa mama yake, akinyamaza kabisa. Nilimwona nikafurahi.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Sheikh wa kamati yetu alisema tuswali kwanza, kisha tule kwa utulivu. Wanaume wakaanza kwenda kwenye tangi kutawadha, wengine wakatandika mikeka kando ya ukuta. Mimi nilibaki karibu na sufuria, nikijiambia nitaswali baada ya watu kula, maana sikutaka kuuacha mwiko bila ulinzi.

Wakati huohuo mwanamume mmoja aliingia getini, mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa vizuri. Alisalimia "salaam aleikum" kila alipopita, akaitikiwa, akaketi juu ya tairi. Yule mzee wetu wa foleni, akikunja mikono ya shati, akamwambia kwa wema, "Ndugu, sala ndio hiyo. Maji iko pale."

"Endeni tu, mzee," yule mtu akajibu akitabasamu. "Mimi ni wa kanisa. Nangoja hapa."

Hilo peke yake lingepita. Mji wetu umejaa watu wenye kofia za namna hiyo, na jua letu halichagui vichwa. Lakini rafiki yangu alikuwa anatoka jikoni na sahani mkononi, akamwona, akafurahi, akasema kwa sauti ya kusikika uga mzima, "Ee, umefika! Huyu ndiye fundi wangu, ndiye alichinja ile mbuzi yetu!"

Mzee wa foleni alisimama hivyohivyo, mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine bado. Alimtazama yule mtu, akamtazama rafiki yangu, akanitazama mimi. Kisha iqama, mwito wa kuanza sala, ikasomwa, sheikh akasema Allahu akbar, na mzee akaenda kusimama safuni pamoja na wenzake. Hakuna mwingine aliyeonekana kuwa ameelewa.

Sala ya adhuhuri si ndefu. Mimi nilitamani siku ile iwe ndefu kama tarawehe ya Ramadhani. Nilijua kabisa kwamba wakishatoa salamu kulia na kushoto, yule mzee atageuka na kusema, na mbele ya sufuria moja kutakuwa na pande mbili. Nilimshika rafiki yangu mkono nikamvuta nyuma ya tangi.

"Ulisema ni Mwislamu."

"Si ni Mwislamu? Kofia hiyo hapo!"

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nilimwambia salaam aleikum, akaitikia mzuri kuliko wewe. Nikampa kisu." Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. "Na si wewe ulipanda juu ya tairi ukasema tusiulize mtu ni wa nani?"

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kujipiga mwenyewe. Sheria ilikuwa yangu. Yeye alikuwa ameifuata vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Yule fundi, pale kwenye tairi karibu na tangi, alikuwa ametusikia. Alivua kofia akaishika magotini. "Mama, hii nilipewa na dereva wa lori, ya jua," alisema polepole. "Mimi sikudanganya mtu. Hakuna mtu aliniuliza. Nilipewa kisu, nikafanya kazi."

Na ni kweli, hakudanganya.

"Tuseme ni mbuzi mwingine," rafiki yangu alinong'ona. "Tuseme hiyo yangu bado iko nyumbani. Nani atajua?"

Nasema kweli, nilifikiria. Mikeka ilikuwa imejaa watu waliosujudu, na nyuma yao foleni ya wenye njaa, wengi hawajaonja nyama tangu mifugo yao ilipokufa. Neno moja la uongo lingewashibisha wote, na yule mwanamke angelala ndani usiku ule. Lakini mzee alikuwa amesikia kwa masikio yake. Tena hao waliokuwa wamesujudu waliniamini kwa kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kikishaingia tumboni. Nilimwambia rafiki yangu afunike sufuria na asimpakulie mtu. Alikifunika kwa haraka, kifuniko kikagonga ukingo.

Wakatoa salamu, kulia, kushoto. Mzee hakungoja dua.

"Hiyo nyama haijachinjwa na Mwislamu!" alipaza sauti. "Mwulizeni huyo mama! Mwulizeni mratibu wenu! Wametaka kutulisha haramu!"

Sitaeleza kelele iliyofuata kwa sababu sikuweza kutenganisha neno na neno. Niliona kwa macho. Ile foleni moja niliyokuwa nikijivunia ilikatika katikati, na watu wakajikuta wamesimama pande mbili, bila mtu kuwapanga. Fimbo zilizokuwa zimeegemezwa ukutani zilirudi mikononi. Mama mmoja wa Kiturkana alikuwa akifoka kwamba yule fundi ni mtu wa kwao na mkono wake si uchafu. Mjumbe mmoja wa Maralal alikuwa tayari amesimama akitafuta viatu vyake. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, akirudia, "Ni mimi, ni makosa yangu, si kanisa, ni mimi."

Kaka yangu alikuwa getini. Alikuja taratibu akipita katikati ya watu, akaninyooshea kiganja.

"Abaayo. Ufunguo."

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la mtandio. Vidole vilikataa kufungua fundo. Aliningoja bila kunisaidia, na nilipoutoa akautia mfukoni. Nilimchukia dakika ile, na ninamwandikia hapa kwamba nilimchukia.

Sheikh alinyoosha mikono watu wanyamaze. Alikuwa mzee kuliko sisi wote na sauti yake ni ndogo, kwa hiyo ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Vitabuni kuna maneno marefu juu ya jambo hili," alisema, "lakini hapa mbele ya sufuria hakuna nafasi ya maneno marefu. Sisi tumezoea yetu. Tusile. Na hakuna aliyekula, basi hakuna la kupigania."

"Kuna aliyekula!" mzee wa foleni akamkatiza. Alikuwa amemwona yule mtoto mdogo miguuni pa mama yake, sahani imelambwa ikang'aa. "Huyu hapa! Bibi yake alikuwa Mwislamu! Mtoto wetu! Wamemlisha haramu mtoto wetu!"

Wote wakageuka kumtazama mtoto. Yeye alijificha uso kwa sahani. Wanaume wawili walisogea mbele, na upande wa pili watu wakasogea pia, na nikasema moyoni, sasa basi, imekwisha.

Yule mwanamke akasimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti, na hata hapo hakuipaza sana.

"Mzee," alisema, "umesema mtoto wa nani?"

"Wetu," mzee akajibu.

"Ijumaa ile ulisema si wenu. Mimi niko na wewe hapo kwa laini, ukaniambia niende kwa wale ya Jumapili. Nikaenda. Na hao pia," akaelekeza kidevu upande wa rafiki yangu, "wakaniambia mimi ni wa Ijumaa. Huyu mtoto amelala njaa. Amenyeshewa kwa veranda. Hakuna mtu alikuja kusema ni wake. Leo amekula sahani moja tu, ndio amekuwa wenu?"

Nilisikia moto ukilia chini ya sufuria.

"Sawa," akaendelea. "Kama ni wenu, mimi nimekubali. Mchukueni. Mpeni mahali ya kulala leo. Na dada yake. Na mimi, kwa sababu mama yangu alikuwa anaswali mpaka alikufa."

Mzee wa foleni alirudi nyuma hatua moja. Mimi nimegombana naye mara nyingi na sijawahi kumwona akirudi nyuma. Sheikh alimgeukia akamuuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Umesema ni wetu. Ni wetu ama si wetu?"

Mzee aliangalia chini, kwenye mkono wa shati ambao hakuwahi kumaliza kuukunja. "Ni wetu," alisema.

"Na sisi je?" Yule mama wa Kiturkana aliyekuwa akifoka alijipenyeza mbele, fimbo mkononi. "Babu yake alikuwa wa kwetu. Mtasemaje ni wenu peke yenu?"

Nikacheka. Haikuwa furaha, ilikuwa hasira iliyopotea njia. Mwanamke aliyefukuzwa na foleni mbili alikuwa sasa anagombaniwa na pande mbili, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati akiwatazama bila shukrani yoyote. Alikuwa na haki ya kutoshukuru.

Sheikh alimsogelea mtoto, akainama kwa shida ya magoti, akamwambia hana kosa na asiogope. Kisha akawaambia watu wazi kwamba ambao nyama ile inawafaa, wale, na ambao haiwafai wangoje wapikiwe. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kupanga mawe ya moto wa pili kabla sheikh hajamaliza. Akina mama wa sokoni walileta maharagwe na mchele. Sitadanganya kwamba wote waliweka sahani chini wakangojana. Wengi waliokuwa na ruhusa ya kula walikula, na sikuwalaumu. Ila wachache walingoja, na yule fundi wa kofia alikuwa mmoja wao. Alikaa akichochea moto wa maharagwe na hakugusa pilau hata baada ya kubembelezwa. Yule mwanamke naye alingoja na binti yake mkubwa. Nilimuuliza kwa nini, akasema hataki kuulizwa tena.

Wajumbe wa Maralal na Marsabit waliondoka kabla maharagwe hayajaiva. Waliaga kwa adabu. Mmoja aliniambia wametuona, na sikujua maana yake, wala sikumwuliza.

Kaka yangu alikuwa ameondoka na ufunguo. Watu walipomaliza kula walianza kutawanyika, mmojammoja, wakirudi kwenye veranda zao. Mimi nilikaa kwenye lile tairi na rafiki yangu, hatusemezani. Yule mwanamke aliosha sahani za watu wote, akazipanga, akakaa mbele ya mlango wa ghala uliofungwa na mtoto mdogo usingizini magotini. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Nilimpigia kaka simu, hakushika. Nikapiga tena. Nilimwambia rafiki yangu kwamba kama hatafika, nitavunja kufuli kwa jiwe, na familia itanifukuza, nami pia nitajua raha ya veranda. Akasema, "Nitakushikia tochi." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu adhuhuri, na nilishika mkono wake.

Kaka alikuja jua linazama, na lori dogo, na mzee wa foleni ameketi mbele karibu naye. Nyuma kulikuwa na magodoro. Mzee alishuka akaanza kuyapakua bila kumtazama mtu, akigomba kwamba yanalowa. Nilimkabili kaka yangu na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga mchana kutwa.

"Nilisema siku ya ugomvi nitachukua ufunguo," aliniwahi. "Nimechukua. Sikusema nitafunga watu nje." Akafungua mlango mwenyewe. "Lakini ufunguo utakaa kwangu. Wewe una hasira sana."

Hata leo uko kwake. Huja kufungua na kufunga, na mzee wa foleni amekuwa mlinzi wa mlango asiyelipwa, mwenye kelele kunishinda. Sufuria ni moja bado, mara nyingine kwa manung'uniko. Sheria yangu ya kutouliza ipo vilevile, ila tumeiongezea kipengele: anayeulizwa ni mwenye kisu peke yake. Fundi wetu wa kofia huchuna na kukata, na akiulizwa hujibu kabla ya swali kwisha.

Lakini jioni ile ya kwanza, mvua ikipiga bati kwa nguvu, nilikuwa nikitandika godoro la mwisho pale yule binti mkubwa aliponijia. Alikuwa ameshika ncha ya leso ya mama yake mdomoni. Alitaka kujua jambo moja.

"Mama, kesho wakiniuliza mimi ni wa nani, nitasema nini?"

Mimi nina mdomo, kila mtu Isiolo anajua. Lakini nililikunja shuka nililoshika mara mbili kabla ya kujibu. Nilimtazama mama yake, naye alikuwa ananitazama, akingoja kama mtoto anavyongoja.

"Sema wewe ni wa hapa," nilimwambia mwishowe.

Aliiachia ile leso. "Na wakiuliza hapa ni kwa nani?"

"Waambie waje waniulize mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala karibu na dada yake. Mama yake alikaa macho kwa muda mrefu, mgongo ukutani, akitazama mlango.